Injini Ikitetemeka, Fungua Pangaboi Kwanza



Juma hili nawaandikia hasa ninyi mnaokaa visiwani na kando ya ziwa, ninyi wa Goziba, Ikuza, Bumbire na Mazinga, pamoja na ndugu zenu wa bara ambao fedha zao zimo ndani ya mitumbwi yetu. Habari yenyewe ni injini ya mtumbwi inayotetemeka. Sisemi juu ya ile inayokataa kuwaka; hiyo kila mtu aona kuwa ni mgonjwa. Nasema ile inayowaka vizuri asubuhi, inanguruma ufukoni kama kawaida, lakini ukishatoka nje na kuiongeza mwendo inaanza kuutikisa ubao wa nyuma hata mkono wako unakufa ganzi. Au pengine haitetemeki sana, bali inapiga kelele ghafula kama iliyokatiwa kamba, na mtumbwi hauendi.

Kwa mtu wa barabarani hilo ni jambo la kuudhi tu. Kwetu Goziba ni jambo la roho za watu. Ziwa Viktoria ni pana kama kilometa za mraba 68,800, na kisiwa chetu kiko ndani kabisa, si karibu na bara. Mtumbwi uleule unaokwenda kutega sangara ndio unaompeleka mama mja mzito ng’ambo uchungu unapomshika usiku. Tena katika nyumba nyingi za huku injini ndiyo mali ya thamani kuliko zote, kuipita hata nyumba yenyewe. Basi mtu akiambiwa injini yake imeharibika, ameambiwa habari ya ada za watoto, ya chakula, na ya deni.

Na neno analoambiwa mara nyingi ni moja tu: giaboksi imekufa.

Ndugu watatu wa hapa kisiwani waliambiwa hivyo. Walikuwa na injini ya farasi 40, nao waliinunua kwa kuchangishana miaka kadhaa. Ilipoanza kutetemeka, fundi mmoja aliisikiliza akiwa amesimama mchangani, akatikisa kichwa, akatamka giaboksi, akataja na bei. Wakaja ofisini kwangu niwaandikie karatasi. Watakopa kwa mtu wa bara, na dhamana ni nusu ya kibanja cha marehemu baba yao, pamoja na migomba na mibuni iliyomo. Mama yao alikuja pamoja nao. Hakusema neno, alikaa kwenye benchi akiitazama kalamu. Wale wanaojua kibanja ni nini kwa Mhaya, na kwamba kaburi la baba limo humo humo katikati ya migomba, hawana haja nieleze zaidi.

Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, alikuwapo pale mlangoni, amekuja kuandikisha nia ya Misa. Akauliza, “Wanangu, pangaboi mmelifungua?” Hawakulifungua. Wala fundi hakulifungua. Yule mzee akasema haiwezekani kumzika mtu kabla ya kumfunua uso. Wakaondoka, wakalifungua jua likiwa halijazama, wakakuta nyuma yake uzi wa nailoni umejiviringisha mnene kama kidole gumba, na ncha ya bawa moja imepinda. Karatasi ile haikuandikwa.

Sina nia ya kuwasema mafundi vibaya. Wako wengi waaminifu, na kazi yao ni ngumu. Lakini fundi aliyesimama ufukoni anasikia mlio tu; wewe uliyekaa nyuma ya mtumbwi kutwa ndiwe unayejua injini ilitetemeka lini, kwa mwendo gani, na baada ya kugonga nini. Ushahidi uko kwako. Yafaa basi ujue namna ya kuukusanya.

Kwanza tujue nguvu inavyosafiri. Injini imekaa juu. Chini yake inashuka shafti ndefu iliyosimama wima, nayo inaingia katika giaboksi ndogo inayozama majini. Humo mna gia tatu: moja inazungushwa na shafti, moja ni ya kwenda mbele, moja ya kurudi nyuma. Kutoka hapo inatokeza shafti fupi iliyolala, na katika ncha yake ndipo limevikwa pangaboi, ambalo vitabuni huitwa rafadha. Sasa shikeni sana jambo hili: pangaboi halikufungwa kwenye shafti chuma kwa chuma. Katika injini ndogo linashikwa na pini laini. Katika kubwa, ndani ya kitovu chake mna bushi ya mpira iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Waliotengeneza walifanya hivyo kwa makusudi. Ukigonga mwamba au gogo, pini ikatike au mpira uteleze, ili meno ya gia yasivunjike. Kitu cha bei ndogo kinakufa ili kile cha bei kubwa kipone.

Sasa twende kwenye kupima. Funga mtumbwi imara kwa kamba, injini ikiwa ndani ya maji, uiwashe bila kuitia gia. Iache ipate moto, halafu uiongeze kidogo. Je, inatetemeka hapo hapo? Ikiwa inatetemeka, pangaboi halina kosa, maana halizunguki. Tafuta juu. Zima, fungua plagi, uzitazame. Injini yenye silinda mbili ikiwa na plagi moja kavu yenye rangi ya kahawia na nyingine nyeusi iliyolowa, umempata mgonjwa: silinda moja haichomi. Badili plagi, tazama waya wake, safisha kabureta, na uangalie kama petroli ina maji. Kaza pia zile skrubu mbili za kubania injini kwenye ubao wa nyuma. Nimeona watu wakihangaika siku nzima, kumbe injini inacheza tu mahali pake kama jino la mzee.

Ikiwa imetulia bila gia, ila inatetemeka unapoitia gia na kuongeza mwendo, na kadiri unavyoongeza ndivyo inavyozidi, basi tafuta chini. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana matatizo ya visiwani mara nyingi yako hapa. Ziwa letu lina nyuzi za kila namna: kamba za ndoano, vipande vya nyavu zilizochanika, na zile timba ambazo zilipigwa marufuku lakini bado zinaelea. Yako na magugu maji, ambayo yaliingia ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo husukumwa na upepo yakaziba ghuba.

Kabla hujagusa pangaboi, zima injini, chomoa ile kamba ya kuzimia, na uvue vichwa vya plagi. Usilidharau neno hili. Injini ikiwa kwenye gia, kulizungusha pangaboi kwa mkono ni sawa na kuvuta kamba ya kuwashia, na vidole havioti tena.

Kisha inua injini, weka gia katikati, utafute kijiti kilichonyoka. Kifunge kwenye lile bati bapa lililo juu ya pangaboi, ncha yake ikaribie ncha ya bawa moja kiasi cha kupita unyasi. Zungusha pangaboi polepole. Kila bawa linapaswa kupita penye kijiti kwa nafasi ileile. Likiwapo moja linalogusa na jingine lililo mbali, bawa limepinda. Halafu sogeza kijiti kielekee katikati kabisa ya ncha ya shafti, uzungushe tena. Ikiwa ile ncha inachora duara badala ya kukaa mahali pamoja, shafti yenyewe imepinda, na hapo ni kazi ya karakana. Kijiti hakigharimu senti, na hakina sababu ya kusema uongo.

Baada ya hapo fungua. Nyoosha ile pini iliyopindwa inayozuia nati, fungua nati, na kila kinachotoka ukipange juu ya kitambaa kwa utaratibu kilivyotoka. Nasema juu ya kitambaa, si mchangani. Vuta pangaboi. Tazama nyuma yake penye shafti. Ukikuta uzi, ukate na kuutoa wote kwa subira, bila kuchimba kwa kisu, kwa sababu pale ndani mna sili ya mpira inayozuia maji yasiingie kwenye giaboksi. Uzi wa nailoni kazi yake ya pili, baada ya kutetemesha, ni kuikata sili hiyo. Kwa hiyo aliyekuta uzi asifurahi upesi. Apime na oili, kama nitakavyoeleza. Paka grisi kwenye meno ya shafti, rudisha kila kitu kwa utaratibu wake, weka pini mpya.

Bawa lililopinda kidogo linaweza kunyooshwa na fundi mzoefu, na lililoliwa kidogo kwa mwamba linaweza kulainishwa kwa tupa, mradi mabawa yote yabaki na uzito sawa. Lakini usinyooshe kwa nyundo juu ya jiwe. Pangaboi la aluminiamu likipigwa likiwa baridi hupata ufa, na ufa hungoja siku ya mawimbi.

Sasa niseme juu ya ile kelele isiyo na mwendo. Hapa watu wawili hufanana sana uso, nao si ndugu. Wa kwanza ni pangaboi linalovuta hewa badala ya maji. Hutokea hasa unapokata kona au wimbi linapouinua mtumbwi, na sababu yake huwa ni injini kukaa juu mno. Lile bati bapa yafaa liwe sawasawa na chini ya mtumbwi au lishuke kiasi cha sentimeta 2 na nusu. Seremala akibadili ubao wa nyuma na kuuacha mrefu kuliko ule wa zamani, injini imepanda, na mwenye mtumbwi hajui. Wa pili ni bushi ya mpira inayoteleza. Mwendo mdogo inashika. Ukiongeza au ukiwa umepakia mzigo, inaachia. Ukipunguza, inashika tena. Hata yule anayevuta hewa hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana wengi hukosea.

Dawa ya kuwatambua ni rangi. Kausha pangaboi kwa nyuma, uchore mstari mmoja ulionyoka kutoka kitovu cha ndani hadi kwenye chuma cha nje, ukivuka mpira. Rangi ya kucha ya mabinti yatosha kabisa, nayo inashika hata majini. Iache ikauke. Toka na mtumbwi wenye mzigo, ongeza mwendo mpaka ile kelele itokee, kisha urudi utazame. Mstari ukiwa mzima, bushi ni nzima, shughulika na urefu wa injini. Mstari ukiwa umekatika, nusu huku na nusu kule, bushi inateleza, na hakuna haja ya kubishana na mtu.

Ninyi wa bara mnaosomba samaki kutoka Kemondo kwa pikapu zisizo na klachi ya mguu, msifunge gazeti, maana ugonjwa huu mnao nanyi. Tena ulitoka majini. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alipata hataza ya chombo cha kupitisha nguvu kwa njia ya maji au mafuta, ili injini za mvuke zinazozunguka kasi ziweze kusukuma rafadha za meli zinazozunguka polepole. Chombo hicho baadaye kikahamia kwenye magari, na mafundi hukiita konveta. Kiko kati ya injini na giaboksi, kama chungu kilichofungwa. Ndani yake feni moja hurusha mafuta juu ya feni nyingine, bila chuma kugusa chuma. Gari likishashika mwendo, klachi ndogo iliyomo humo hufunga zile feni mbili ziende pamoja ili mafuta ya gari yasipotee bure.

Klachi hiyo ikichoka, au mafuta ya giaboksi yakizeeka, inashika na kuachia, inashika na kuachia, mara nyingi katika sekunde moja. Dereva huona gari linatetemeka kama lipitalo kwenye mikunjo ya barabara ya vumbi, ingawa yuko juu ya lami. Mara nyingi hutokea kwenye mwendo wa kilometa 60 hadi 80 kwa saa, mahali tambarare, mguu ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu. Namna ya kupima ni hii. Katika barabara iliyonyoka isiyo na watu wala gari nyuma, shikilia mafuta vilevile, na kwa mguu wa kushoto uguse breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa tu. Katika magari mengi ile klachi hujifungua hapo hapo. Mtetemo ukikoma mara moja, kosa liko katika konveta au mafuta yake. Usipokoma, kaangalie plagi, matairi na shafti. Na ukiona unazidi gari likipanda mlima wa kwenda Kamachumu kwa nguvu, shuku plagi kwanza.

Tiba ya kwanza ni kubadili mafuta ya giaboksi na kuweka aina ileile iliyoandikwa katika kitabu cha gari au juu ya kijiti cha kupimia, si yale ya pipa ambayo muuzaji anasema yanafaa kila gari. Mara nyingi mtetemo huisha hapo. Ukirudi baada ya muda, konveta yenyewe itengenezwe au ibadilishwe. Lakini kununua giaboksi nzima kabla ya kubadili mafuta ni kosa lilelile la wale waliotaka kuweka kibanja rehani.

Nirudi majini. Bushi iliyokwisha inabadilishwa na mtu mwenye mashine ya kukandamiza, au unanunua pangaboi jingine la namba ileile. Huku visiwani nimeona dawa mbili ambazo lazima nizikataze. Ya kwanza ni kupigilia skrubu kutoka kitovuni hadi kwenye chuma cha nje ili bushi isiteleze. Ya pili, kwenye injini ndogo, ni kutia msumari mahali pa pini. Zote mbili hufanya kazi siku hiyo, tena vizuri sana, na mwenyewe hujisifu. Kisha siku pangaboi linapogonga gogo, kitu kilichowekwa ili kikatike hakikatiki, na kinachovunjika ni gia. Ndipo ule usemi kwamba giaboksi imekufa unapokuwa kweli. Pini halisi ni laini kwa sababu. Bei yake ni ndogo. Nunua tano uziweke katika chupa yenye grisi kidogo.

Mtu atauliza: basi bushi ikianza kuteleza nikiwa nje, na kumekucha upepo, nifanye nini? Punguza mwendo. Bushi inayoteleza kwa nguvu nyingi bado hubeba nguvu kidogo. Tafuta kwa mkono wako ile sauti ambayo injini imetulia na maji ya nyuma yanasukumwa, ukae hapo hapo, uelekeze omo kwenye mawimbi kwa kuyakata mshazari, urudi kwa saa tatu badala ya moja. Usijaribu tena na tena kuongeza, kwa kuwa kila ukiongeza unauchoma mpira uliobaki. Kwa sababu hiyo makasia yawemo mtumbwini hata kama injini ni mpya, pamoja na spana ya nati, koleo, pini za akiba, na maboya ya watu wote waliomo, si ya wawili. Aliye na uwezo abebe pangaboi la pili. Mnaokaa kambi moja na mna injini za aina moja mwaweza kulinunua kwa shirika, likakaa kwa mtu mmoja mnayemwamini.

Limebaki la oili. Injini ikiwa imesimama wima, legeza skrubu ya chini ya giaboksi, uache itone kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Ikitoka safi, funga. Ikitoka maji kwanza, au ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, sili imekatika na maji yameingia. Badilisha sili, kisha oili. Oili ya gia namba 90 hutiwa kwa kusukumwa kutoka tundu la chini mpaka itokee tundu la juu. Ndipo unafunga la juu kwanza, halafu unachomoa mdomo wa chupa na kufunga la chini upesi. Wanaomimina kutoka juu huacha hewa katikati, wakadhani imejaa.

Na ukiona katika ile oili vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, si vumbi la kung’aa tu. Na ukisikia gia inaruka yenyewe kwa kishindo ingawa pangaboi umelifungua, mstari wa rangi ni mzima, na kijiti kimepita sawasawa, hapo mwite fundi wa giaboksi, umwonyeshe uliyoyapima, na umwombe akufungulie mbele ya macho yako.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuchanganya petroli na oili ya injini, maana nimeulizwa na watu wengi kwa nini wengine hutia mililita 400 kwa lita 20 na wengine hutia kwa kukisia kwa jicho.